Keshi Ikiisha kwa Wakala: Mitikisiko ya Fedha ya Jana na Sarafu za Kidijitali

Mchukue wakala wa fedha za simu kwenye mwalo wa Kayenze, mkoani Mwanza, mwenye mtaji wa shilingi milioni 2. Asubuhi ameugawa: 1,200,000 ni keshi iliyo kwenye droo, 800,000 ni floti iliyo kwenye simu. Mteja akitoa laki moja, droo inapungua na floti inaongezeka kiasi kile kile. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Siku ya kawaida anayetoa hufuatwa na anayeweka, na mtaji unazunguka bila kelele. Lakini giza likiisha na mbalamwezi kuingia, mitumbwi ya dagaa inapumzika, tajiri na wavuvi wake wanafunga mahesabu, na foleni nzima inaelekea upande mmoja: kutoa. Wateja kumi na wawili wakitoa laki moja moja, droo imekauka. Wa kumi na tatu anaambiwa keshi imeisha.

Wakala huyo hajafilisika. Milioni 2 zake zipo zote, ila zote zimegeuka floti. Alichokosa ni ukwasi, yaani kitu chenye thamani kikiwa katika umbo linalohitajika kwa saa hiyo. Akipata pikipiki ya kumfikisha kwa wakala mkuu au benki, atabadilisha na kurudi. Asipopata, na watu wameanza kupiga kelele, atamwomba mwenye duka la jirani amwuzie keshi, na jirani anayeijua shida yake atampa 950,000 kwa floti ya milioni moja. Hapo 50,000 ya mtaji imekwenda. Akirudia mara kadhaa, kilichoanza kama ukosefu wa ukwasi kinaishia kuwa kufilisika kwa kweli.

Mitikisiko mingi ya fedha duniani, ukiivua majina makubwa, ni njia hiyo hiyo kutoka droo tupu hadi mtaji ulioliwa. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu sarafu yoyote mpya ni hili: nani ameahidi kukupa nini, saa ngapi, na akilazimika kuuza alichonacho ili akulipe, atapata bei gani? Teknolojia iliyo chini yake inafuata baadaye.

Neno "sarafu za kidijitali" limebebeshwa vitu vinne visivyofanana. Salio lako la M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa ni shilingi: kwa kila shilingi inayoonekana kwenye simu, kampuni inatakiwa iwe na shilingi katika akaunti maalumu ya udhamini benki, ikiwa imetengwa na fedha zake za uendeshaji. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009 ikiwa na ukomo wa sarafu milioni 21, haina ahadi ya mtu yeyote. Bei yake imewahi kushuka zaidi ya nusu, tena si mara moja, lakini hakuna dirisha la kwenda kudai. Sarafu thabiti, kama USDT ya kampuni ya Tether na USDC ya kampuni ya Circle, zina ahadi nzito: sarafu moja, dola moja ya Marekani, wakati wote. Ya nne ni sarafu ya benki kuu yenyewe katika umbo la kidijitali, ambayo ni deni la benki kuu hiyo kwa aliyeishika, sawa na noti.

Foleni hutokea palipo na ahadi. Kwa hiyo mwenye Bitcoin aliyeihifadhi mwenyewe anaweza kupata hasara ya bei tu, ilhali hatari ya watu kukimbilia dirishani imekaa kwenye sarafu thabiti na kwenye nyumba zinazowahifadhia watu sarafu zao. Historia ya benki inazungumza na hizi mbili moja kwa moja.

Tuiangalie kwa jozi, tukio la zamani na la sarafu za leo. Ya kwanza ni ya nyumba za kuhifadhi. Oktoba 1907 jijini New York, kampuni ya udhamini ya Knickerbocker ilikuwa ikifanya kazi ya benki bila kubanwa kama benki. Ilipokea amana, ikakopesha, ikaweka akiba kidogo ya keshi kuliko benki za kawaida. Habari zilipovuja kwamba wakubwa wake wanahusishwa na watu waliojaribu kuhodhi hisa za kampuni ya shaba wakashindwa, benki iliyokuwa ikiisawazishia hundi ilitangaza kujitoa. Oktoba 22 wateja walitoa dola milioni 8 kwa muda usiozidi saa tatu, na milango ikafungwa. Aliyezuia moto usienee ni tajiri mmoja wa benki, J.P. Morgan, aliyewaita wenzake na kuwalazimisha wachange. Wamarekani walishtuka kwamba nchi nzima imeokolewa na mfuko wa mtu mmoja, na mwaka 1913 wakaunda benki kuu yao.

Miaka 115 baada ya Knickerbocker, Novemba 2022, nyumba ya kubadilishia sarafu iitwayo FTX ilianguka kwa njia ambayo watu wa 1907 wangeitambua mara moja. Fedha za wateja zilikuwa zimekopeshwa kwa kampuni dada, Alameda Research, na sehemu kubwa ya mali za Alameda ilikuwa FTT, sarafu iliyotolewa na FTX yenyewe. Ni sawa na mwenye duka anayekopa kwa kuweka dhamana kuponi alizochapa mwenyewe: siku duka likitiliwa shaka, kuponi nazo zinakuwa karatasi. Wateja waliomba kutoa takriban dola bilioni 6 ndani ya siku tatu. Novemba 8 mshindani wake, Binance, alisema angeinunua. Kesho yake akajitoa. Novemba 11 FTX iliomba ulinzi wa mahakama kama mfilisika, ikiwa na pengo la takriban dola bilioni 8. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024. Safari hii hakukuwa na Morgan, na benki kuu haikuwa na wajibu wowote kwa nyumba ambayo haikuwahi kuwa benki.

Jozi ya pili ni ya thamani iliyofungwa. Thailand iliifunga baht kwa takriban 25 kwa dola moja kwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni zikazoea, zikakopa dola kwa riba nafuu na kwa muda mfupi, zikajenga majengo ya Bangkok ambayo mapato yake ni baht na huja polepole. Wafanyabiashara wa fedha walipoanza kuuza baht mapema 1997, benki kuu iliilinda kwa kuuza dola za akiba, nyingine ikiwa imezifunga katika mikataba ya kuziuza siku za mbele ambayo umma haukuiona. Akiba inayoonekana ilikuwa kubwa kuliko akiba inayotumika. Julai 2, 1997 iliachia, na kufikia Januari 1998 dola moja ilihitaji zaidi ya baht 50. Aliyekuwa na deni la dola milioni moja alijikuta deni lake limezidi mara mbili kwa hesabu ya baht, bila kukopa senti nyingine.

TerraUSD, au UST, ilikuwa sarafu thabiti isiyo na dola yoyote nyuma yake. Ahadi yake ilisema hivi: leta UST 1, upewe sarafu ya pili iitwayo Luna yenye thamani ya dola 1. Fanya hesabu uone ilipo sumu. Luna ikiwa dola 80, kulipa dola moja kunahitaji Luna 0.0125. Ikishuka hadi dola 1, inahitajika Luna nzima. Ikifika senti moja, zinahitajika Luna 100. Kila anayetoka analazimisha Luna nyingi zaidi zichapwe, kila inayochapwa inashusha bei, na kila bei inaposhuka anayefuata anahitaji nyingi zaidi. Mwezi Mei 2022, katika muda wa wiki moja hivi, Luna zilipanda kutoka takriban milioni 350 hadi trilioni 6.5, na UST iliyokuwa na thamani ya jumla ya takriban dola bilioni 18 ikabaki kama ganda. Mfuko ulioanzishwa kuilinda ulikuwa na Bitcoin zaidi ya 80,000; ulipomaliza kuuza zilibaki 313. Benki kuu ya Thailand ilishindwa kwa njia ile ile, isipokuwa yenyewe ilikuwa na nchi nyuma yake na Shirika la Fedha la Kimataifa mlangoni.

Kilichowaingiza watu kwenye UST ni riba ya karibu 20% kwa mwaka iliyotolewa na programu iitwayo Anchor. Riba halali hutoka kwa mkopaji anayefanya kitu na fedha. Wakopaji wa Anchor hawakutosha, kwa hiyo pengo lilizibwa na mfuko wa ruzuku uliokuwa ukijazwa tena kila ukikaribia kwisha. Wanaokumbuka DECI, mchezo wa upatu wa mwaka 2009, na lugha yake ya kupanda mbegu na kuvuna, hawahitaji maelezo marefu hapa. Tofauti ni kwamba DECI ilihitaji ofisi na daftari, wakati Anchor ilimfikia mtu yeyote mwenye simu.

Jozi ya tatu ndiyo inayostahili muda zaidi, kwa sababu haina matapeli. Ni watu waangalifu, na bado palichimbika.

Mwaka 2008 Marekani ilikuwa na mfuko uitwao Reserve Primary, wenye zaidi ya dola bilioni 60. Haukuwa benki. Ulikusanya fedha za watu na kampuni, ukanunua madeni ya muda mfupi ya kampuni zenye sifa nzuri, na ukaahidi kwamba kila dola iliyowekwa itatoka ikiwa dola. Kati ya mali zake, dola milioni 785 zilikuwa madeni ya benki ya Lehman Brothers. Hiyo ni kama 1.2% tu. Lehman ilianguka Jumatatu ya Septemba 15. Kesho yake mfuko ulitangaza kwamba dola moja sasa ni senti 97. Ila watu hawakungoja tangazo: ndani ya siku mbili waliomba kutoa takriban dola bilioni 40. Hasara ya asilimia moja na kitu ilisababisha karibu theluthi mbili ya fedha zitake kutoka, kwa kuwa anayetoka kwanza analipwa dola kamili kwa kuwaachia hasara wanaobaki. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa upande wake, na kwa pamoja wanaua mfuko. Wachumi Douglas Diamond na Philip Dybvig waliandika hesabu ya tabia hii mwaka 1983, na walipata Tuzo ya Nobel kwayo mwaka 2022 pamoja na Ben Bernanke. Septemba 19, 2008, Hazina ya Marekani ilitangaza kudhamini mifuko ya aina hiyo. Bila tangazo hilo kampuni nyingi zingeweza kukosa hata mishahara.

Sasa ruka hadi Machi 2023. USDC, sarafu thabiti inayosifiwa kwa uwazi, ilikuwa na akiba ya takriban dola bilioni 40, nyingi zikiwa hatifungani, yaani karatasi za deni, za muda mfupi za serikali ya Marekani. Dola bilioni 3.3, yaani kama 8%, zilikuwa keshi katika Silicon Valley Bank. Ijumaa ya Machi 10 wasimamizi waliifunga benki hiyo. Usiku Circle ikaeleza ilicho nacho mle. Jumamosi bei ya USDC ilishuka hadi karibu senti 87. Hata bilioni 3.3 zote zingepotea, kila sarafu ingebaki na senti 92. Kwa nini bei ilienda chini ya hapo? Kwa sababu ilikuwa mwisho wa wiki. Sarafu inauzwa saa 24 kila siku, lakini benki zinazotoa dola halisi zilikuwa zimefungwa hadi Jumatatu, hivyo mwenye haraka hakuwa na dirisha la kudai dola, alikuwa na soko tu, na sokoni anayenunua alitaka punguzo la hofu. Ni yule jirani wa Kayenze na 950,000 yake. Jumapili jioni serikali ya Marekani ikatangaza kwamba wenye amana wote wa benki ile watalipwa kikamilifu. Jumatatu USDC ilirudi karibu na dola.

Hapa pana jambo ambalo wanaoziuza sarafu hizi hawapendi kulisema: mwaka 2023 sarafu iliyosifiwa kwa kutozitegemea benki iliokolewa na dhamana ya serikali kwa benki.

Na Silicon Valley Bank ilianguka kwa nini? Ilinunua hatifungani ndefu wakati riba ikiwa chini. Chukua hatifungani ya miaka 10, ya shilingi milioni 1, inayolipa 1.5% kwa mwaka. Riba mpya sokoni ikipanda hadi 4%, hakuna atakayeinunua kwa milioni. Hesabu inatoa kama 797,000. Ukiishika hadi mwisho utapata milioni yako kamili. Ukilazimika kuiuza leo kwa sababu wenye amana wako mlangoni, miaka 10 ya subira haikusaidii. Mali ilikuwa salama kabisa, na muda wake ndio ulioua. Ukisikia sarafu fulani "ina dhamana za serikali", uliza zinaiva lini. Sheria ya Marekani kuhusu sarafu thabiti, iliyosainiwa Julai 18, 2025, imeliona hilo: dhamana za serikali zinazowekwa kama akiba zinatakiwa ziwe zimebakiza siku 93 au chini ya hapo, na mtoaji haruhusiwi kuwalipa riba wenye sarafu.

Mkopo wa kuchezea bei ni jambo la haraka kueleza. Lehman ilikuwa na mali za takriban mara 30 ya mtaji wake, kwa hiyo kushuka kwa mali kwa 3.3% kunatosha kuumaliza mtaji wote. Mwaka 1929 wanunuzi wa hisa wengi walitoa sehemu ndogo tu ya bei na kukopa iliyobaki. Bei iliposhuka, wakopeshaji waliziuza hisa za wanunuzi hao kwa nguvu. Kwenye masoko ya sarafu kazi hiyo inafanywa na programu yenyewe, bila simu wala barua ya onyo. Oktoba 10 na 11, 2025, mikataba ya mkopo yenye thamani ya takriban dola bilioni 19 ilifungwa kwa nguvu ndani ya saa 24.

Kasi ndiyo tofauti halisi ya zama hizi. Mwaka 2008 benki ya Washington Mutual ilipoteza amana za dola bilioni 16.7 katika siku 10 hivi, na lile lilionekana janga. Silicon Valley Bank ilipoteza bilioni 42 kwa siku moja, na nyingine takriban bilioni 100 zilikuwa zimeombwa kutoka kesho yake. Foleni ya miguu ina faida moja isiyosifiwa: inachosha, na inampa msimamizi usiku mmoja wa kufikiri. Sarafu za kidijitali zimeuondoa usiku huo.

Mtikisiko wa 2008 ulifika ukanda wa ziwa bila mkulima wa Magu au Kwimba kuwahi kusikia jina la Lehman. Ulipitia bei ya pamba. Soko la dunia liliporomoka msimu wa 2008/09, wanunuzi waliokuwa wamekopa benki ili kununua pamba wakabaki na mzigo wenye thamani ndogo kuliko mkopo, na Juni 2009 serikali ikatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, ambao ndani yake ulikuwamo fidia kwa hasara za wanunuzi hao. Mtikisiko wa benki wenyewe ulitufikia kwa njia nyingine. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifunga benki tano ndogo kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Wakati huo Bodi ya Bima ya Amana ilifidia hadi shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Mwenye 1,200,000 alistahili kulipwa yote; mwenye milioni 10 alistahili milioni moja na nusu, kisha angoje mali za benki ziuzwe. Tangu 2023 ukomo huo ni milioni 7.5. Sarafu thabiti haina bodi ya namna hiyo, kiasi chochote uwe nacho.

Hatari kubwa zaidi kwetu, kwa uzito tunaoupa, haiko kwenye Bitcoin inayopanda na kushuka. Iko kwenye akiba za kila siku zikihamia kimya kimya kwenye dola ya kwenye simu, yaani sarafu thabiti. Mtu akitoa milioni 5 benki akanunua USDT, amana ya benki imehama au imegeuka matumizi ya mtu mwingine, na mahitaji ya dola yameongezeka kwa kiasi hicho. Wakifanya hivyo wachache, hakuna anayeona. Wakifanya wengi kwa wakati mmoja, shilingi inasukumwa chini, na hofu ya shilingi kushuka inawaleta wengine. Benki Kuu inaweza kuikopesha benki iliyokosa shilingi, kwa kuwa shilingi inazitoa yenyewe, dola haizitoi. Huo ndio ukuta ulioigonga Thailand. Na mkondo unaenda pande zote mbili: Tether peke yake ina zaidi ya dola bilioni 100 katika dhamana za serikali ya Marekani, kwa hiyo watu wakiikimbia kwa wingi, itauza kule, na mtikisiko utaanzia kwenye soko ambalo bei za fedha za dunia nzima zinalitazama.

Benki kuu zikijibu kwa kutoa sarafu zao, zinafungua tatizo lingine. Fikiria shilingi ya kidijitali iliyo deni la Benki Kuu moja kwa moja. Siku benki ya kibiashara ikitiliwa shaka, mteja hana haja ya kubeba noti wala kutafuta benki nyingine. Anabonyeza mara mbili, na amana imehamia mahali pasipoweza kufilisika. Benki nzuri zinaweza kukaushwa pamoja na mbaya. Ndiyo maana sarafu ya kidijitali ya Bahamas, iliyoanza Oktoba 2020, iliweka ukomo wa dola 500 za huko kwa akaunti ya ngazi ya chini, na Benki Kuu ya Uingereza imependekeza ukomo wa kati ya pauni 10,000 na 20,000. Nigeria, iliyozindua eNaira Oktoba 2021, ilikutana na shida ya upande wa pili: Shirika la Fedha la Kimataifa liligundua kwamba katika wiki yoyote ile 98.5% ya akaunti zake hazikutumika. BoT ilisema Januari 2023 kwamba itakwenda kwa hatua na kwa tahadhari. Katika nchi ambayo M-Pesa ilishaingia tangu 2008, mwendo huo una mantiki. Hakuna mwuza sangara anayengoja njia mpya ya kulipwa.

Kwa mfanyabiashara wa Makoroboi jijini Mwanza anayelipia mzigo Guangzhou, China, haya yote yanakuja chini ya swali la mlango wa kutokea. Ahadi ya "USDT moja, dola moja" si ahadi kwake. Tether inamlipa dola moja kwa moja mteja aliyesajiliwa anayeleta kuanzia dola 100,000. Aliye chini ya hapo anatoka kwa kumwuzia mtu mwingine, na siku ya hofu huyo mtu mwingine ndiye anayepanga bei. Tuseme ameshika sarafu 10,000 Ijumaa jioni akingoja kumlipa msambazaji Jumatatu. Bei ikishuka hadi senti 87 kama USDC ilivyofanya, amepungukiwa dola 1,300. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500, ni 3,250,000, pengine faida yote ya kontena. Huenda bei ikarudi Jumatatu. Msambazaji aliyetaka fedha Jumapili hatajali.

Kuna na sheria. Tangazo la BoT la Novemba 2019 lilisema sarafu hizi hazitambuliki nchini kama fedha halali, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya 3% kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Moja haijaifuta nyingine: kutozwa kodi si sawa na kulindwa, na ugomvi ukitokea mwenye sarafu anaanza na mguu wa kushoto.

Anayeamua kuzipitia hata hivyo apunguze saa za kuzishika, kwa sababu hasara za namna hii hupatikana katika muda ule zinapokaa. Anunue siku ya kazi asubuhi, benki za Marekani zikiwa zinatarajia kufunguliwa siku hiyo hiyo, na alipe kabla ya jioni. Asikubali malipo ya simu kutoka namba yenye jina tofauti na la anayeuziana naye. Fedha za wizi hupitishwa hivyo, na laini inayofungiwa ni ya aliyezipokea. Asiachie sarafu kwa kuonyeshwa ujumbe wa kuthibitisha malipo. Afungue salio lake mwenyewe aone limeongezeka. Maneno 12 au 24 ya siri ya pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu, yaandikwe kwenye karatasi, yasipigwe picha, na anayejiita huduma kwa wateja akiyaomba, huyo ni mwizi. USDT moja hiyo hiyo inasafiri kwenye mitandao tofauti, wa Tron na wa Ethereum ikiwa ndiyo inayotumika zaidi. Sarafu ikitumwa kwa mtandao ambao pochi ya msambazaji haiutumii, kuirudisha ni kazi ngumu na mara nyingi haiwezekani. Kwenye Tron pochi inahitaji pia kiasi kidogo cha sarafu ya TRX cha kulipia ada, la sivyo USDT zipo lakini hazitoki. Kwa hiyo itumwe 20 kwanza, msambazaji athibitishe kwamba ameiona, ndipo zifuate 9,980.